Maneno matatu yalinipandisha batini

Jamani kazi ya kuandika skripti watu wanaionaga ya kishua, unakaa na laptopu yako, unapiga chai, unaamua nani aolewe na nani arogwe, umemaliza. Mimi mwenyewe niliijua hivyo mpaka ule usiku wa Mbezi.

Ilikuwa tamthilia ya kifamilia, nalipwa kwa episodi (hela yenyewe tusiiongelee, ya bando na chipsi). Sini namba 14, mdada anafukuzwa na mumewe. Nikaandika NJE – UANI – USIKU, nikaona uchungu haujakolea, nikaongeza maneno matatu tu: Mvua kubwa inanyesha. Nikajisifia pale, nikalala.

Ukurasa mmoja wa skripti unakuwaga kama dakika 1 kwenye kioo, na sini yangu ilikuwa nusu ukurasa. Sekunde 30! Nani angejua zinakula tangi zima la mtu?

Siku ya kushuti, mwezi wa nane, Dar kukavu, vumbi mpaka kwenye meno. Dairekta ananipigia, "Kaka, mvua yako iko wapi?" Nikacheka. Mwenzangu hacheki. "Njoo lokesheni uilete."

Nafika nakuta mipira miwili ya bustani imeungwa kwenye simtanki la lita 1000 la mama mwenye nyumba, mmoja wa chini, mmoja wa juu ya bati, na wa juu hauna mtu, kila mmoja ana kazi yake isipokuwa mwandishi, yeye si ameshaandika? Nikapanda. Na ndala za pinki, maana nilitoka home mbio nikavaa nilichokikanyaga mlangoni.

Teki ya kwanza nimenyesha haswa, dairekta anacheki kamera anasema mvua haionekani. Haionekani vipi na dada wa watu anatetemeka pale? Kumbe matone yanaonekana taa ikiwa nyuma yake, ukiyamulika kwa mbele yanapotea, na taa yetu ilikuwa mbele. Haya, taa ikahamishwa. Ila gauni limeshalowa na ni hilo hilo moja, na sini inaanza dada akiwa mkavu, likapigwa pasi nusu saa nzima, mie huko juu naliwa na mbu.

Teki ya pili mvua inaonekana tamu kweli, mtu wa sauti anavua hedifoni, eti hasikii hata neno moja, bati linapiga kelele. "Mwandishi, nyesha pembeni!" Nyesha pembeni, mimi nina mkataba wa wino.

Hapo ndo mama mwenye nyumba akatoka, kanga kifuani, tochi mkononi. Dairekta kwa adabu zote, "Shikamoo mama." "Marahaba. Maji yangu nani anayamwaga?" "Si maji mama, ni mvua ya kwenye tamthilia." "Mvua gani inatoka kwenye tangi langu?" Akanimulika usoni. "Na huyo malaika wenu wa mvua ashuke sasa hivi!"

Prodyuza akamvuta pembeni wakaelewana bei ya tangi zima, akakubali teki moja ya mwisho. Nikasogea pembeni kama nilivyoagizwa, bati limelowa, ndala zimekwisha soli, mguu ukaondoka, nikadakia ukingo na tumbo, mguu mmoja unaning'inia nje na mimi napiga "mamaaa!" Chini huku dada analia vizuri kuliko teki zote (baadae alisema alikuwa anajizuia kucheka). Maji yakakata. Dairekta, "Kata! Tunayo hiyo!"

Wakairusha hivyo hivyo, mguu juu kushoto ya kioo, na ile mamaaa yangu wameifunika kwa radi.

Episodi haijaisha simu inaita, mama yangu. Nikajiandaa kupongezwa.

"We mtoto, hiyo ndala iliyoning'inia hapo juu si yangu ile niliyoitafuta tangu Pasaka?"