Hip-hop Ilianza Mikononi Kabla ya Kufika Kinywani

Mijadala mingi ya hip-hop ninayoifuatilia, redioni na mitandaoni, huzunguka swali lile lile: nani mchanaji (yaani rapa) bora, nani ana mistari mizito, nani anaandika mwenyewe na nani anaandikiwa. Ni mjadala mtamu, nami hushiriki kwa hamasa kubwa isiyonipa faida yoyote. Hata hivyo naona kwamba unaanzia mwisho wa habari. Hip-hop haikuundwa na washairi. Iliundwa na watu wa vyombo, yaani vijana waliobeba spika, waliounga nyaya, waliopekua masanduku ya santuri za zamani na kugundua kwamba sekunde chache za ngoma tupu katikati ya wimbo wa mtu mwingine zinaweza kurefushwa hadi ziwe muziki unaojitegemea. Mchanaji aliingia kama msaidizi wao. Biashara ya santuri ndiyo iliyomtoa msaidizi mbele na kumsukuma fundi nyuma, na mpaka leo mpangilio huo ndio unaoamua nani alipwe na nani asahauliwe, huko Marekani na hapa kwetu pia.

Tarehe inayotajwa na wengi ni 11 Agosti 1973. Siku hiyo Cindy Campbell aliandaa dansi katika chumba cha burudani cha jengo la ghorofa namba 1520, Sedgwick Avenue, magharibi mwa Bronx, jijini New York, kwa sababu alihitaji fedha za kununulia nguo mpya za kurudi nazo shule. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana, na aliyesimama nyuma ya mashine za santuri alikuwa kaka yake Clive, kijana wa miaka 18 aliyekwisha kujipatia jina la Kool Herc. Mwaka 2023 dunia ikaadhimisha miaka 50 ya hip-hop kwa kuhesabu kuanzia usiku huo. Mimi siamini kwamba muziki wowote huzaliwa kwa usiku mmoja, lakini kama ni lazima tarehe iwepo, naikubali hii kwa moyo mweupe, kwa kuwa inatukumbusha kwamba mwenye shughuli alikuwa msichana aliyekuwa akitafuta nguo, na mwenye kazi alikuwa DJ.

Bronx ya wakati huo haikuwa mahali pa kusherehekea. Barabara kuu ya Cross Bronx Expressway, iliyosimamiwa na Robert Moses, ofisa wa ujenzi wa umma wa New York, na kujengwa kati ya mwaka 1948 na 1972, ilipasua mitaa iliyokaliwa na kuhamisha maelfu ya familia. Waliokuwa na uwezo waliondoka, thamani ya majengo ikaporomoka, na baadhi ya wenye nyumba wakaona ni afadhali kuyachoma moto majengo yao ili wapate fidia ya bima kuliko kuyakarabati kwa ajili ya wapangaji maskini. Vijana waliobaki walijipanga katika magenge. Mnamo Desemba 1971, baada ya kuuawa kwa Cornell Benjamin, kijana wa kundi la Ghetto Brothers aliyekwenda kupatanisha waliokuwa wakigombana, viongozi wa magenge walikutana katika klabu ya vijana ya Hoe Avenue na kukubaliana kusitisha mapigano. Mapatano hayo hayakumaliza uhasama wote, ila yalipunguza hofu ya kuvuka mtaa mmoja kwenda mwingine, na bila ruhusa hiyo ya kuvuka mitaa sioni ni vipi dansi za Herc zingewakusanya watu kutoka kila upande.

Herc alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1955, akahamia Bronx mwaka 1967. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema kwamba kuchana mistari kumetokana moja kwa moja na wasemaji wa Jamaika waliokuwa wakitamba juu ya midundo ya reggae. Herc mwenyewe amelipinga jambo hilo: amesema kwamba watu wa Bronx hawakuipokea reggae alipojaribu kuwapigia, na kwamba chimbuko analolitambua yeye ni mwanamuziki James Brown. Kwa maoni yangu alichokitoa kwao kilikuwa kitu kingine, nacho ni imani kwamba nguvu ya dansi iko kwenye mitambo. Jamaika ni nchi ambayo mwenye spika kubwa hushindana hadharani na mwenye spika kubwa mwenzake, na Herc alizijenga zake, akaziita Herculoids, zikawazidi kwa kishindo washindani wake wote. Kutoka huko huko ilikuja pia desturi ya kuzilowesha santuri na kubandua karatasi yenye jina la wimbo, ili mpelelezi atakayechungulia asijue anachokicheza.

Alichokigundua kilitokana na kuwatazama wachezaji. Aliona kwamba wapo waliosubiri pembeni mpaka sauti za waimbaji na vinanda zinyamaze, ngoma zibaki peke yake, ndipo wajitupe uwanjani kwa mbwembwe zao zote, na sehemu hiyo ikipita wanarudi ukutani. Akachukua nakala mbili za santuri moja, akaziweka kwenye mashine mbili, na kila sehemu ya ngoma ilipokwisha upande huu akaianza upya upande wa pili. Wimbo wa “Apache” wa Incredible Bongo Band, ambao ulipotoka haukuwa na sifa yoyote ya pekee, ukawa kama wimbo wa taifa wa Bronx kwa njia hiyo. Wachezaji wale ndio waliozaa brekidansi. Aliyeshika kipaza sauti, Coke La Rock, kazi yake ilikuwa kuwasalimu marafiki kwa majina, kutangaza dansi ijayo na kutupia maneno machache ya kuchangamsha umati. Yalikuwa na vina, lakini yalikuwa matangazo.

Ufundi wa Herc ulikuwa na kasoro, kwani mara nyingi alikuwa akibahatisha mahali pa kuweka sindano, na mdundo ukawa unakwama. Aliyelitatua tatizo hilo ni Joseph Saddler, mzaliwa wa Barbados aliyesomea mambo ya umeme katika shule ya ufundi, ambaye dunia inamjua kama Grandmaster Flash. Napenda kukaa hapa kidogo kwa sababu ni sehemu ambayo wasimulizi wetu huipita mbio. Flash alizichora santuri zake kwa kalamu ya rangi ili ajue airudishe mizunguko mingapi kufika mwanzo wa mdundo. Alitengeneza swichi ya kumwezesha kuisikiliza santuri ya pili masikioni kabla ya kuifungulia umati. Alikata kitambaa, akakikakamaza kwa wanga, akakiweka kati ya sahani na santuri, ili aweze kuishika santuri kwa kidole huku sahani ikiendelea kuzunguka chini yake. Kijana mwingine, Theodore Livingston, aliyekuwa mdogo kwa umri kuliko wote hao, aligundua katikati ya miaka ya 1970 kwamba kuivuta santuri mbele na nyuma chini ya sindano kunatoa mkwaruzo unaoweza kupigwa kama ala. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiandika mashairi. Walikuwa wanafanya uhandisi, tena kwa vifaa ambavyo watengenezaji wake walivikusudia kwa kazi nyingine kabisa, na mara nyingine kwa umeme uliochukuliwa kwenye nguzo za taa za barabarani.

Kwa muda wa miaka sita hivi muziki huu haukuwa na santuri yake. Ulikuwa ni tukio: ukikosa dansi umeukosa, labda upate kanda iliyorekodiwa ukumbini na kupitishwa mkono kwa mkono. Kisha ukaja mwaka 1979. Sylvia Robinson, mwanamke hodari wa biashara ya muziki aliyekuwa New Jersey, ng'ambo ya mto, aliwakusanya vijana watatu ambao hawakuwa na jina katika dansi za Bronx, akawaita Sugarhill Gang, akatoa “Rapper's Delight”. Mdundo wake ulitoka katika “Good Times” ya Chic, lakini ulipigwa upya na bendi ndani ya studio. Santuri hazikutumika namna Flash au Herc walivyozitumia. Mmoja wa wachanaji alichukua mistari ya Grandmaster Caz wa Bronx, na hakuona haja ya kuliondoa hata jina la mwenyewe lililokuwa likitajwa herufi kwa herufi ndani yake. Nile Rodgers na Bernard Edwards wa Chic walipodai haki yao waliandikwa kuwa watunzi. Caz hakuandikwa.

Simlaumu Robinson kwa kuona mbali. Bila yeye huenda tusingeisikia hip-hop huku tuliko. Ninachosema ni kwamba santuri ile iliweka kanuni: sauti ya mtu anayechana ndiyo bidhaa, na fundi anaweza kuachwa nyumbani. Mwaka 1981 Flash alijaribu kujibu kwa santuri iliyotengenezwa kwa mashine zake tu, ambayo mpaka leo naiona kuwa ushahidi bora zaidi wa sanaa yenyewe. Mwaka uliofuata ilitoka “The Message”, yenye jina lake kubwa kwenye jalada, ikieleza maisha ya mitaa iliyochakaa kwa namna iliyowafanya wahakiki waanze kuuheshimu muziki huu. Ni wimbo mkubwa. Waliochana humo ni Melle Mel na Duke Bootee, na mikono ya Flash haimo.

Wapo waliosahauliwa zaidi ya ma-DJ, nao ni wapiga ngoma. Vifaa vya kunasa na kurudia sauti vilipopatikana kwa bei nafuu kiasi katika miaka ya 1980, mdundo wa Clyde Stubblefield katika “Funky Drummer” ya James Brown ulitumika katika nyimbo zisizo na idadi, na Stubblefield, ambaye hakuandikwa kuwa mtunzi, alifariki mwaka 2017 bila kupata mirabaha ya matumizi hayo. Gregory Coleman wa kundi la Winstons, aliyepiga sekunde chache za ngoma mwaka 1969 ambazo zimejenga aina kadhaa za muziki, alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi. Mwezi Desemba 1991 mahakama ya New York ilitoa hukumu dhidi ya mchanaji Biz Markie kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila idhini, na tangu hapo kampuni zikawa zinalipia kila kipande. Ilikuwa haki kwa namna yake, lakini malipo hayo yaliwafikia wamiliki wa rekodi na watunzi walioandikwa. Mpiga ngoma wa kuajiriwa alibaki pale pale.

Afrika Mashariki tuliupokea muziki huu baada ya mgeuzo huo kukamilika, na ndiyo maana naona hatukuwa na namna ya kuujua kwa sura nyingine. Ulitufikia kwa kanda na video. Mashine mbili za santuri, miksa na shehena ya santuri vilikuwa vitu vya kumbi chache za disko mijini, si vya kijana wa Temeke au Dandora. Alichokuwa nacho kijana huyo ni kinywa, daftari na upande wa pili wa santuri ya Marekani wenye mdundo usio na maneno. Saleh Jabir alichana kwa Kiswahili juu ya midundo ya Kimarekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kwanza Unit wakafuata wakiwa na msimamo mkali zaidi kuhusu hip-hop yenyewe, na kwa upande wa Kenya Kalamashaka wa Dandora walionyesha kwa “Tafsiri Hii” kwamba Kiswahili cha mtaani kinaweza kubeba uzito wote wa maisha ya huko. Kuitwa kwa muziki huu “wa kufokafoka” kulionyesha kwamba kilichosikika masikioni mwa wazee wetu ni mdomo tu. Na mdomo ulikwenda mbali: Mr II, yaani Sugu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Profesa Jay akaingia bungeni kwa jimbo la Mikumi mwaka 2015.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba kwetu neno lilikuwa na heshima kabla ya hip-hop, kwamba malenga walijibizana kwa vina na mizani karne nyingi zilizopita, na kwa hiyo ni sawa tukimtukuza mchanaji. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo, kwani naamini ndiyo inayoeleza kwa nini rapu ilipata mizizi haraka katika Kiswahili. Lakini kuonyesha kwa nini mbegu ilistawi hapa si kuonyesha ilikotoka, na wale wanaodai kwamba hip-hop ni utenzi uliosafiri kwenda Marekani ukarudi wanawanyima vijana wa Bronx uvumbuzi walioufanya kwa mikono yao wenyewe.

Isitoshe, sisi nasi tulikuwa na mafundi wetu. Sauti ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 jijini Dar es Salaam ilipikwa na watu kama P-Funk Majani wa Bongo Records na Master J wa MJ Records. Sikio lililokomaa linaweza kuitambua kazi ya mmoja wao kabla mchanaji hajafungua kinywa. Walijua kwamba hakuna atakayesoma majina kwenye jalada la kanda, nyingi zikiwa za kunakiliwa mtaani, ndiyo maana ikazoeleka jina la prodyuza au studio kutamkwa ndani ya wimbo wenyewe, mwanzoni kabisa. Baadhi ya wasikilizaji huona ni majigambo. Mimi naona ilikuwa njia pekee waliyokuwa nayo ya kutia saini.

Saini ya sauti, hata hivyo, haidai mirabaha. Bado ni jambo la kawaida kijana kuingia studio, kulipia biti kwa fedha taslimu au kupewa kwa urafiki, kurekodi na kuondoka bila karatasi yoyote inayoeleza mdundo ni wa nani na mgawo ni upi wimbo ukichezwa redioni, ukitumika katika tangazo au ukilipa mtandaoni. Ugomvi huanza siku wimbo unapovuma, na kwa kawaida anayeonekana mchoyo ni yule asiyejulikana sura. Ningeshauri makubaliano hayo yaandikwe kabla kipaza sauti hakijawashwa, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari wenye sahihi mbili na asilimia ya kila mmoja, na watangazaji wetu wanaotaja kwa ufasaha jina la mchanaji, la aliyeshirikishwa na la meneja wake wamtaje pia aliyetengeneza mdundo.