Nyumba ya Mungu: Mwanamume Bado Anapimwa kwa Ndoo ya Samaki?

Perege na kambale wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, kaskazini mwa Tanzania, lililojengwa miaka ya 1960 na kufungwa mitambo ya umeme ya megawati 8, ni kitoweo kinachojulikana Moshi na Arusha. Kwa muda mrefu mvuvi wa pale alihesabika mwanamume kwa mambo matatu: kuingia majini usiku, kurudi na mzigo, na kutoulizwa fedha zimekwenda wapi. Yote matatu yanatikisika. Kwa maoni yetu ni heri yatikisike, ila mzigo wa mabadiliko haya umewaangukia wanawake kuliko inavyosemwa.

Tuanze na nyavu, maana ndiko sifa ilikoleta madhara. Perege dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi. Jike hutaga hapo, kisha hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Kokoro, wavu wa kukokotwa chini ya maji, linapoburutwa kuelekea ufukweni huparua viota na kuzoa majike pamoja na mayai yao. Anayeona aibu kurudi na ndoo nusu naye hupunguza macho ya nyavu. Jicho hupimwa likiwa limevutwa, fundo hadi fundo la mkabala. Ukishuka kutoka inchi 3 hadi 2 unavua perege ambaye angeongeza uzito kama angeachwa. Ndoo inajaa leo, kesho wote wanalala njaa. Serikali imewahi kulifunga bwawa hili ili samaki wazaliane, na wakati kama huo uanaume wa ndoo hauna pa kusimama. Aibu hiyohiyo ndiyo humfanya kijana aache jaketi la kujiokolea nyumbani, asije akaitwa mwoga.

Wanaotetea desturi hawakosei kila kitu. Uanaume ule ulikuwa na wajibu. Mvuvi alijua kusoma upepo, aligeuza mtumbwi kumfuata mwenzake aliyepinduka, na alitenga samaki wa nyumbani na wa mjane wa jirani kabla mchuuzi hajafika. Nyavu zikinunuliwa kwa mkopo, kila samaki ana deni mgongoni, na fungu la jirani ndilo hukatwa kwanza.

Mkopo huo mara nyingi ni wa mke, kupitia kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Chukulia mtumbwi umerudi na samaki wa shilingi 60,000. Toa gharama 10,000. Zilizobaki zigawe nusu kwa nusu: 25,000 za mwenye mtumbwi na nyavu, 12,500 kwa kila mmoja wa wavuvi wawili. Kama vyombo ni vya mke wa mmoja wao, nyumba ile imepata 37,500, na theluthi mbili ni za mama. Hapo swali la fedha zimekwenda wapi linageuka upande. Mume anayelijibu bila ugomvi hajapungukiwa kitu, na watoto wanalipiwa mahitaji ya shule kwa wakati.

Lakini angalia siku ya mama huyo. Samaki wakifika alfajiri anawaparua, anawatumbua, anawachanja, anawatia chumvi na kuwakaanga kabla jua halijawa kali. Mafuta yasipopata moto vizuri samaki hugandia karai na kuvunjika, na aliyevunjika hauziki kwa bei. Kisha sokoni, kisha chakula cha jioni. Marejesho ni ya kila wiki, hata nyavu zikiraruliwa na mamba au zikiibwa usiku. Mume amekesha majini, ni kweli, anahitaji usingizi. Ila hata siku ambayo hakuingia majini, kisu cha kuparua hakimhusu, kwa kuwa wenzake watamcheka. Tumebadilisha mwenye deni bila kubadilisha mgawanyo wa kazi.

Upo pia ubaya wa kimya: mke ananunua mtumbwi, leseni na usajili vinaandikwa jina la mume. Mume akifariki, ndugu zake wanakuja kuchukua chombo, na deni la kikoba linabaki kwa mjane. Hati za mauzo zikae kwa jina la aliyelipa, au majina yote mawili, na mashahidi watie saini siku chombo kinaponunuliwa.