Eti mie si siriasi

Wiki jana dada wa mapokezi kanitazama juu mpaka chini, akafunga faili langu: "Ukikosa tarehe mara mbili tunakutoa, wenzako wako siriasi." Ni kliniki ya akili, jina silitaji, wapanga foleni tunajuana.

Sasa jamani. Mie nina ADHD, tatizo la ubongo la kushindwa kutulia na kushika jambo moja, imeandikwa na daktari wao wenyewe kwenye faili hilohilo alilolishika. Na DSM-5 ya 2013, kitabu ambacho madaktari wa akili wanapimia watu, kwa watu wazima kimetaja kabisa kusahau miadi, kusahau bili, kusahau kumrudia mtu simu. Yani dalili ndo kosa! Ni kama daktari wa macho akufute kwa vile hukusoma kibao cha "tumehama".

Na si kusahau tu. Siku ile alamu ililia, nikaamka, nikaoga, natafuta kadi ya kliniki nikaona zipu ya mkoba imekwama nikaanza kuitengeneza, kuja kushtuka jua liko utosini, mie niko sakafuni na koleo mkononi, na feri ya Likoni hata sijaisogelea. Kupiga simu kuomba radhi nikaona haya, na hiyo haya ndo mbaya, maana ukiona haya leo na kesho wiki inapita, dawa zinaisha, na bila dawa ndo utakumbuka nini?

(Shangazi anasema nina jini, nikasomewe. Nikasomewa. Tarehe bado nasahau.)

Haya, nakubali shingo upande, madaktari wa akili huku Pwani ni wachache na nafasi niliyoipoteza kuna mtu aliihitaji. Lakini meseji moja ya kukumbusha ni bei gani? Muuza madira wa Marikiti ananidai pesa kidogo tu na kila Ijumaa voisi noti inaingia, wallahi hajakosa hata moja. Sheria ya afya ya akili ya Kenya nayo ilirekebishwa 2022, haki nzuri nzuri zimejaa humo, meseji ndo imetushinda.

Sitaki huruma. Nikumbusheni jioni ya kuamkia siku yenyewe. Nikikosa, niacheni nije nikae benchi ningoje nafasi ya mwingine atakayekosa, na atakuwepo tu, si ndo sisi! Niruhusuni nijibu kwa kuandika, simu ikiita moyo waniruka. Na ile TV ya mapokezi ipunguzeni sauti, majina mwayaita kwa kunong'ona halafu mwasema hatukuja.