Baharia wa vifuko

Mie naogopa kutapika. Sisemi sipendi, hakuna anaependa, nasema naogopa, kama mwengine anavyoogopa nyoka, na nyoka ana afadhali maana ukifunga mlango anabaki nje. Wangu yumo tumboni, nalala nae.

Mara ya mwisho ilikuwa 2004, nna miaka tisa, kwenye maulidi, nlikula pilau ya watu wawili nikairudisha yote juu ya jamvi mbele ya mwalimu wetu wa chuoni. Wenzangu wakaniita Pilau miaka miwili. Tangu siku hiyo sijatapika tena, na hii naisema kwa fakhari kama mzee anaekwambia kaitumikia serikali miaka mingapi. Nshasoma kwamba hofu hii ina jina, emetofobia, neno la Kigiriki hilo, na wengi tulio nayo tunakaa miaka na miaka hatutapiki, yaani tunamuogopa mgeni ambae hata haji. Ila ulinzi tunaweka vilevile. Maziwa nayanusa mara tatu. Pweza wa Forodhani nampitia mbali na salamu simpi. Mtoto akishanyonya simbebi mpaka ipite saa nzima, hata wangu mwenyewe. Na mke wangu alipokuwa na mimba ikamchafua moyo miezi mitatu, mie mume mzima nilihamia ukumbini na mto wangu, akianza kukokomoka nampa pole nikiwa nje mlangoni, nimeziba masikio, "Pole mke wangu! Pole sanaa!", na kwa kuwa nimeziba masikio sijui kama napiga kelele, jirani akawa anadhani namgombeza.

Sasa huyu mke wangu ni mtu wa Wete. Wete iko Pemba. Na Pemba kuna bahari kati.

Miaka minne nimeoa sijakanyaga ukweni. Kila safari ikitajwa mie nna ripoti, bosi kasafiri, mara naumwa mgongo. Watu wananambia si upande ndege, nusu saa tu umefika. Ndege? Ndege ndo kabisa, kile kifuko wanakiweka mbele ya kiti chako kabla hujakaa, wameshakutabiria. Basi kule ukweni ikawa maneno, mkwe wetu wa mjini ana dharau, anatuona sie wa shamba. Mwaka jana mwezi wa saba shemegi yangu akawa anaolewa, mke wangu na mtoto washatangulia wiki mbili, mavyaa akanipigia simu mwenyewe. Hakugomba wala nini. Kasema tu, "Haya mwanangu, ukipata nafasi." Bora angegomba.

Na mwezi wa saba ni kusi, upepo unaochafua bahari. Mtu wa visiwani nikishamwambia kusi sina haja ya kumuelezea mkondo wa Nungwi, ule wa kati ya Unguja na Pemba, unakuwaje.

Nikajitayarisha. Duka la dawa nikapewa vidonge, sinarizini, yule dada akanambia meza masaa mawili kabla ya boti. Nimefika nyumbani nafungua kile kikaratasi cha ndani, nasoma madhara: usingizi, halafu kichefuchefu. Wallahi kimeandikwa. Dawa ya kichefuchefu inatia kichefuchefu! Nikakirudisha kwenye boksi na boksi nikaliweka juu ya kabati. Nikachukua tangawizi mbichi, ndimu tatu, na karafuu za kutafuna, na kula nikaacha tangu mchana wa jana yake, hesabu yangu ikiwa kwamba kisichoingia hakitoki. Baadae muuguzi mmoja akaja kunambia tumbo tupu ndo linachafuka upesi zaidi, bora ungekula hata mkate mkavu. Ahsante, lakini hiyo ni baadae.

Kosa kubwa lakini lilikuwa nguo. Nlivaa shati jeupe la mikono mifupi, suruali ya buluu, viatu vyeusi, na kitambulisho cha kazini nikakiacha kinaning'inia shingoni makusudi, nifike ukweni waone huyu ni mtu wa ofisi. Wakwe wapenda kuona kitu.

Bandari ya Malindi, Unguja, saa moja asubuhi, boti imejaa pomoni, kina mama na makapu, masanduku, jogoo mmoja ndani ya kikapu anatazama watu kama yeye ndo nahodha. Mie nshasoma, kiti kizuri ni cha chini katikati, hapo boti haichezi sana, nikakaa. Kimya. Tumepita Tumbatu maji ya mtungi, nikaanza kujiona fala kuogopa miaka yote hii. Mzee jirani yangu akatizama nje akasema, "Bado." Neno moja tu, akavua kofia yake akaitia mfukoni.

Ule mnara wa Nungwi ukabaki nyuma na boti ikanyanyuka.

Niseme kitu hapa. Watu wa Pemba wakishika tasbihi pale wana haki yao, Septemba 2011 meli ilizama mkondo ule ule na kila nyumba ina mtu wake. Mie naona haya kusema, lakini kuzama hakukunipitia kichwani hata kidogo. Nlikuwa natazama midomo ya watu. Nani kanyamaza ghafla, nani kameza mate, nani anajipepea na tiketi. Kwa sababu bahari kinachofanya ni hiki, jicho linaona viti na televisheni vimetulia linasema tumekaa, sikio la ndani linasema tunapinduka, na kichwa kikishindwa kujua nani mkweli kinamalizia hasira zake tumboni. Mie nna na langu la ziada, nikiogopa tumbo linajifunga, likijifunga nahisi kigegezi, nikihisi kigegezi naogopa zaidi, nazunguka hapo hapo kama punda wa kinu cha mafuta.

Wa kwanza alikuwa kiti cha tatu mbele yangu. Sauti tu ile. Nikanyanyuka mbio mpaka mlango wa nyuma penye upepo, nikashika bomba, macho kwenye mstari wa bahari na mbingu, ndimu puani, karafuu saba mdomoni, mdomo wote umekufa ganzi.

Hapo akatokea baharia, kijana mdogo, bunda la vifuko mkononi, akanipa kimoja nikakataa. Kukishika ni kukubali. Akataka kunipa tena, mara huko ndani mama mmoja kateleza na kapu lake, machungwa yakamwagika chini yakaanza kukimbia boti nzima, baharia akanitia lile bunda lote kifuani, "Nishikie mara moja kaka", akapotea.

Sikumuona tena karibu saa nzima.

Nimesimama hivyo, shati jeupe, suruali ya buluu, kitambulisho shingoni, vifuko mkononi. Bibi mmoja wa mbele akanyoosha mkono, "We baharia! Vipi, tusubiri mpaka Mkoani?"

Nikasema mie si baharia. Hakuna alienisikia, na hata angenisikia nani, karafuu saba zile, kilichotoka ni "Nye hi wahayia." Mikono ikaanza kunyooka kila upande, ikabidi niingie. Nlikuwa natoa vifuko nimenyoosha mkono wote na uso nimeugeuzia dirishani, kama mtu anaemlisha punda mwenye tabia ya kung'ata. Kimoja nikampa mtu aliekuwa amelala tu zake. Kimoja nikampa jogoo.

Kutoa kulikuwa na afadhali, kazi ni kupokea. Yule bibi kamaliza shughuli yake, kafunga fundo zuri kabisa, la mtu aliezoea kufunga mizigo, akaninyooshea, "Tia huko mwanangu." Sikuwa na pa kukimbilia, nyuma yangu mtu na mbele yangu yeye. Nikapokea. Kilikuwa cha moto. Uvuguvugu ule wa mkate wa kumimina ukiufunga upeleke kwa jirani, na kinatikisika kidogo. Nikasema leo basi, miaka yangu yote inakwisha hapa, nikasubiri. Nikasubiri tena. Bibi akanambia, "Usikiangalie, kitupe, kuna mwengine yule pale." Nikaenda kukitupa nikarudi. Kumbe kulikuwa na wengine.

Kiti cha nyuma kabisa alikuwepo mtoto wa kama miaka saba, kanzu na kofia, kakaza meno, macho hayapepesi, anahesabu kitu kimoyomoyo. Yule nlimjua pale pale. Mamake keshalewa bahari hana habari nae. Nikachutama, karafuu nikazitema, nikampa kifuko akatikisa kichwa kama nlivyotikisa mie. Akaniuliza pole pole, "Ami, nikitapika ntakufa?" Mie kwa miaka ishirini jibu langu la swali hilo, nikisema kweli, ni ndio. Lakini utamwambiaje mtoto wa watu hivyo, nikamwambia hufi, inachukua dakika moja halafu inakwisha, mie nakushikia kifuko. Nikamshikia. Na akatapika, na mie naona kwa macho yangu, mara ya kwanza tangu 2004 naona jambo lile mwanzo mpaka mwisho. Haikufika hata dakika. Akafuta mdomo kwa mkono wa kanzu, akamgeukia mamake, "Mama, biskuti ziko wapi?"

Biskuti! Mie nlibaki nimechutama pale na kifuko mkononi, namtazama anavyotafuna, nahisi kama nimetapeliwa kitu cha bei kubwa.

Ghuba ya Mkoani ikaonekana na maji yakalala. Ndo nikakumbuka tumbo langu. Nikalikagua, halina kitu ila njaa. Saa nzima sikulipitisha hata fikrani, na mie huwa nalikagua kila dakika kama mtu mwenye jungu la maziwa jikoni. Wakati wa kushuka yule bibi akanishika mkono akanitia elfu mbili, "Ukanywe chai, Mungu akubariki, mabaharia wa siku hizi wana viburi, wewe una huruma." Nikazipokea. Ningefanyaje.

Ukweni nlipokewa vizuri. Nlikula wali na mchuzi wa papa kama mtu alietoka jela. Mavyaa ananijulisha kwa watu, huyu ndo mkwe wangu, yuko ofisini Unguja, na mie najiweka sawa kitambulisho. Sasa Pemba ni kisiwa kikubwa tu, lakini harusi zake zote zina watu wale wale. Jioni wameingia wageni wa kutoka Chake, na alietangulia mbele, kanga mpya, ni yule bibi wa fundo.

Kanitazama. Akacheka. "Aa, baharia! Nawe umealikwa?"

Mavyaa akasema hapana bi mkubwa, huyu mkwe wangu, anafanya kazi ofisini.

"Ofisini gani! Asubuhi hii kanipokea matapishi yangu kwa mkono wake. Muulize, na elfu mbili nimempa."

Ukumbi ukanyamaza. Ningeweza kuvumilia waniite muongo wa kazi, hilo dogo. Lakini shangazi mmoja pale, mwepesi wa hesabu, akaipiga mpaka mwisho, "Ehee! Kumbe siku zote hizi boti inamleta Mkoani, anashusha watu anageuka, Wete hafiki!"

Lahaula. Miaka minne ya dharau ikawa imepata ushahidi. Nikaanza kujieleza, jamani mie siji kwa sababu naogopa kutapika, siwezi hata kumsikia mtu anatapika. Bibi akapiga kofi paja lake. "Huyu? Aogopa? Huyu alikuwa anapita kiti kwa kiti akikusanya kama mtu anaekusanya mchango wa msikiti!" Nikamtafuta mke wangu anitolee ushahidi, yeye ndo anajua nlivyohamia ukumbini. Mke wangu alikuwa jikoni, kakaa chini kajifunika mtandio usoni, anacheka mpaka analia, mtu wa kumsaidia mwenyewe anahitaji msaada.

Siku ya kurudi nlivaa fulana nyekundu ya mpira na kandambili, kitambulisho ndani kabisa ya begi. Mavyaa akasema atanisindikiza. Nikajua mpaka kituo cha gari. Mpaka Mkoani, alisema, nipunge upepo. Kutoka Wete mpaka Mkoani ni kisiwa kizima, hakuna mtu anapunga upepo hivyo, nikanyamaza.

Tumefika bandarini hana neno, anaangalia boti, ananiangalia mie. Nimempa mkono wa kuaga, nimebusu wake, nageuka tu nishike ngazi, juu kule akatoa kichwa yule kijana, bunda la vifuko mkononi, meno yote nje.

"Kaka! Umeshamaliza likizo? Panda upesi, leo bahari chafu!"