Rangi ya ndege ya kujiundia: wapi ubane, wapi ufungue mkono

Mtu anayejiundia ndege gerejini kwake, kama wafanyavyo maelfu ya Wamarekani, hufika kwenye rangi akiwa amebana matumizi kwa miaka. Injini kanunua iliyotumika, ribiti kagonga moja moja baada ya kutoka kazini. Ndipo anapokuta kwamba praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) ya epoksi iliyoandikwa kuwa ni ya ndege, pamoja na hadena ya kuigandisha na thina ya kuilainisha, ni ghali mara kadhaa kuliko spreyi ya kopo ya duka la vifaa vya ujenzi. Marekani, ndege ambayo mjenzi ameiunda mwenyewe kwa zaidi ya nusu ya kazi husajiliwa kuwa ya majaribio, na hapo hakuna anayemlazimisha kutumia rangi fulani. Uamuzi ni wake.

Watetezi wa spreyi ya kopo wana hoja nzito kuliko wanavyokubaliwa. Kampuni ya Cessna iliunda ndege ndogo nyingi za alumini, zile za modeli ya 172 zikiwamo, ambazo ndani ya mabawa hazikupakwa praima kabisa, na zipo zinazoruka hadi leo baada ya miaka 50. Siri iko kwenye bati lenyewe. Aloi ya alumini iitwayo 2024 (hiyo ni namba ya aina, si mwaka) ina shaba kiasi cha asilimia 4. Shaba hiyo ndiyo inayoipa nguvu, na ndiyo hiyo hiyo inayoifanya iliwe upesi na unyevu. Kwa hiyo kiwandani bati huvikwa tabaka jembamba la alumini safi pande zote mbili, nalo tabaka hilo huilinda aloi iliyo chini. Mjenzi wa RV, ndege ya kujiundia inayouzwa vipande vipande na kampuni ya Van's Aircraft, anayeilaza ndege yake bandani kwenye ukavu wa Arizona, akapuliza praima kwenye kingo na mikwaruzo tu, hajafanya uzembe. Tena amepunguza uzito, maana kila mkono wa rangi unaopaka utaubeba kila unaporuka.

Hesabu hiyo inavunjika ukihamia Florida, penye chumvi hewani. Pale mabati mawili yanapolaliana, maji hupenya na kukaa, na huwezi kuona kinachoendelea bila kutoboa ribiti. Wengi hapo hutegemea spreyi ya praima yenye asidi kwa sababu inang'ata alumini vizuri. Kung'ata ni jambo moja, kuzuia maji ni jambo jingine: utando wake una vitundu vidogo, na usipopakwa rangi juu yake unyevu unapita.

Kwenye kiunzi cha mabomba ya chuma cha 4130 (namba ya aina ya chuma cha aloi), mimi sina mashaka hata kidogo: nunua epoksi ya kuchanganya. Chuma hicho hushika kutu upesi kikiachwa wazi, lakini kutu si sababu pekee. Ndege nyingi za kiunzi hicho huvikwa kitambaa, na gundi inayokishikiza kitambaa kwenye bomba mara nyingi ina kiyeyusho cha MEK. Kiyeyusho hicho kikigusa rangi ya mafuta ya kawaida, rangi inalainika na kujikunja. Gundi inashika rangi, rangi inashika chuma. Rangi ikibanduka, kitambaa kinashikwa na nini? Kurekebisha kosa hilo ni kuvua kitambaa chote.

Si lazima epoksi hiyo iwe na picha ya ndege kwenye kopo. Zipo epoksi nzuri za magari na za vyuma vya viwandani zenye bei ya kuvumilika. Chagua nyeupe au kijivu chepesi, ili ufa au kutu vionekane wakati wa ukaguzi. Rangi ya unga inayookwa ni imara na inapendeza, nami naikubali kwenye fremu ya kiti. Kwenye kishikizo cha injini siikubali: tabaka lake nene linaweza kuuficha ufa wa welding. Wala kwenye sehemu za alumini iliyoimarishwa kwa joto siikubali: joto la kuiokea, karibu nyuzi 200 za Selsiasi, si la kujaribiwa hapo.

Kuna gharama ambayo haimo kwenye bei ya kopo. Rangi ya poliyurethani yenye hadena ina isosayaneti, sumu inayoweza kumwachia mpakaji pumu ya maisha, na barakoa ya kawaida haitoshi. Inatakiwa ya kuletewa hewa safi kutoka nje. Asiye na uwezo wa kununua kifaa hicho hana uwezo wa kununua rangi hiyo, hata akiipata kwa nusu bei. Mapafu yako hayana spea.

Pa kuokoa fedha kweli ni nje. Ndege ya alumini inaweza kumaliza saa zake 25 au 40 za kuruka kwa majaribio ikiwa haina rangi, na mwenyewe akaendelea kudunduliza. Siku atakapoipaka, mkiani na kwenye vibawa vya usukani apime mizani upya: uzito wa rangi nyuma ya bawaba unaweza kuzua mtetemo wa kung'oa kipande kizima angani, iwe rangi ile ilikuwa ya bei ya chini au ya bei mbaya.