Chanjo ya mbwa: tunabishana kama vile ni kitu kimoja, kumbe ni vitu viwili

Kikao cha mtaa wetu mwezi uliopita kilichukua masaa mawili na nusu na karibu yote yakaishia kwa mbwa. Maji ya zamu, barabara, taa, vyote vilipita dakika kumi tu. Ni kwamba mtoto wa darasa la pili alikuwa kang'atwa pajani akitoka shule, mbwa mwenyewe hakujulikana wa nani, na baba yake akazunguka na bodaboda kutwa nzima kutafuta sindano ya kichaa, kituo cha kwanza hamna, cha pili njoo kesho, cha tatu ipo ila ulipie. Mtoto yupo salama, alichomwa zote. Ila watu walikuja kikaoni wamefura.

Kundi la kwanza likasema mbwa yeyote asiye na mkanda shingoni auawe, halmashauri ilete bunduki au sumu. Kundi la pili, ambalo mi nilikuwemo, likasema kila mwenye mbwa achanje kwa hela yake na asiyechanja apigwe faini. Alafu akasimama mzee mmoja anayefuga mbwa wanne wa kulinda shamba, akasema, "Mbwa nilipewa bure. Nimlipie sindano ya nini? Akifa nachukua mwingine." Watu wakacheka sana. Mimi pia nilicheka, lakini kadri nilivyokuwa naliwaza lile neno usiku nikaona yule mzee kaongea uchumi mtupu, na hesabu yake inaangusha makundi yote mawili, la kwao na la kwangu.

Kwanza tutenganishe mambo, maana hapa ndo tunapotezana. Tukisema "chanjo ya mbwa" tunachanganya kapu mbili. Kapu la kwanza ni kichaa cha mbwa, ambacho ni ugonjwa wa binadamu kwa kupitia mbwa. Kapu la pili ni ile sindano ya mchanganyiko ambayo daktari wa mifugo anakuchanjia kidogodogo tangu mbwa akiwa mtoto: distempa (kirusi kinachoshambulia mapafu na mishipa ya fahamu ya mbwa), pavo (kirusi cha kuharisha damu), homa ya ini ya mbwa, mafua ya mbwa, na mara nyingi homa ya mgunda. Hoja inayofaa kapu moja ukiipeleka kwenye lingine inaharibika.

Kichaa hakina mjadala kwenye ubaya wake. Dalili zikishaanza mtu anakufa, hiyo ni karibu asilimia 100, hakuna dawa hospitalini ya kumrudisha. Makadirio yanayotumika duniani ni watu kama 59,000 kwa mwaka, Tanzania peke yake inakadiriwa watu 1,500 hivi, Kenya kama 2,000, na asilimia 99 ya wanaoambukizwa wanapewa na mbwa, sio popo wala fisi. Wengi ni watoto, kwasababu mtoto ndo anacheza na mbwa, ndo anamrushia jiwe, na akiparuzwa kidogo anaficha nyumbani asichapwe. (Na kwa anayesoma hapa kang'atwa leo: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 bila kupunguza, alafu kituo cha afya siku hiyohiyo, usisubiri kuona mbwa atakuwaje.)

Sasa turudi kwa wenye bunduki. Hoja yao ina mantiki ukiisikia mara ya kwanza, mbwa wakiwa wachache kichaa kitapungua. Shida ni ule msemo wa mzee, akifa nachukua mwingine. Ukiua mbwa ishirini mtaani, ndani ya miezi michache nyumba ishirini zimeenda kuchukua vitoto kwa jamaa zao kijiji cha pili, vitoto ambavyo havina kinga yoyote, na huenda vingine vinatoka sehemu yenye ugonjwa. Na risasi haichagui, inaua na yule uliyemchanja mwaka jana, yaani unafuta kinga uliyokwisha kuilipia. Kisiwa cha Bali kule Indonesia kichaa kilipoingia 2008 waliua mbwa kwa maelfu na ugonjwa ukazidi kutambaa kisiwani, ukaanza kushuka walipogeukia kuchanja kisiwa kizima. Alafu kitu kingine, hawa tunaowaita mbwa koko wengi wao wana kwao. Nenda vijiji vya Mara au Morogoro, mbwa anazurura mchana lakini jioni anajua jiko lipi litamtupia ukoko wa ugali. Ukitangaza chanjo utashangaa watoto wanavyotoka kila kona wamefunga mbwa na kamba ya katani, mbwa watatu kwa mtoto mmoja.

Kundi langu la faini nalo lina kasoro, na hii iliniuma kuikubali. Tulikuwa tunawaza mfugaji mzembe. Ila angalia N'Djamena, mji mkuu wa Chad. Walipojaribu kampeni ambayo mwenye mbwa analipia walipata kama robo tu ya mbwa. Walipofanya bure 2012 na 2013 wakavuka asilimia 70 na maambukizi mjini yakakatika kwa miezi kadhaa. Mji ni uleule. Mtu mwenye mbwa wanne wa bure hatatoa hela ya mboga ya wiki nzima kumkinga mtoto wa jirani, na faini utamtoza vipi wakati atasema mbwa sio wake? Siku ya faini kila mbwa anakuwa koko.

Hiyo asilimia 70 wengi tunaisikia bila kujua imetoka wapi. Kichaa bwana hakisambai kwa kasi kama tunavyokiogopa, mbwa mmoja mwenye kichaa kwa wastani anaambukiza wenzake wasiofika wawili. Linganisha na surua, mtoto mmoja anaweza kuambukiza zaidi ya kumi. Kwahiyo hata ukichanja chini ya nusu ya mbwa, siku ileile mnyororo unaanza kukatika. Sasa kwanini 70? Kwasababu mbwa wetu wanazaliwa na kufa haraka mno, wengi hawafiki hata mwaka wa pili, kwahiyo kinga ya kijiji inavuja kila mwezi kama ndoo iliyotoboka, na 70 ya leo ndo inakufikisha salama kwenye kampeni ya mwakani. Na hapa kuna jibu la wale wanaouliza kwanini kila mwaka wakati zipo chanjo za kichaa zilizosajiliwa kudumu miaka mitatu. Kwa mbwa mmoja mmoja mwenye kadi wana hoja. Lakini kampeni ya kila mwaka inawafuata hasa waliozaliwa juzi, sio kwamba sindano ya mwaka jana imeisha nguvu mwilini.

Wilaya ya Serengeti walianza kampeni kubwa mwaka 1996 na hata hawakufika 70 kamili, walikuwa kwenye sitini na kitu, na kichaa kwa mbwa kikashuka asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na 97 baada ya pili. Sindano ya elfu chache ikafanya hivyo.

Wanaopinga kampeni ya bure ya mbwa wana hoja nzito moja ambayo haipaswi kudharauliwa, kwamba hela hiyo tungenunua sindano za binadamu ziwepo kila zahanati, mana yule baba wa mtaani kwetu hakuhitaji kampeni ya mbwa siku ile, alihitaji dozi kwenye friji. Ni kweli kabisa. Na mtu akikwambia chanja mbwa tu yatosha, huyo hajawahi kukaa foleni na mtoto anayevuja damu. Ila sindano za watu ni ghali kuliko ya mbwa mara nyingi sana, ni dozi kadhaa kwa mtu mmoja kwa siku tofauti na nauli kila mara, na hata ukizijaza nchi nzima kirusi bado kipo kwa mbwa kinaendelea na maisha, kwahiyo utazinunua milele. Hoja yao ya pili ni kwamba kichaa kinarudi. Nayo ni kweli, Pemba ni mfano mzuri kuliko wote. Kisiwa kilisafishwa kwa kuchanja, 2014 kikawa hakina, 2016 kikarudi kutokea bara, maana mbwa anapanda jahazi kama mzigo mwingine. Wengine wakasema unaona, hela imetupwa. Lakini walichanja tena na ndani ya kama miaka miwili kikaisha tena, na Pemba sio sehemu rahisi, mbwa wapo wa kulinda mashamba ila wengi hawapendi kumshika mbwa kwa ajili ya najisi, kwahiyo hata kupata mikono ya kumkamata mbwa siku ya chanjo ni kazi. Kwa mtazamo wangu Pemba inatuonyesha kwamba bandarini nako kuchanjwe, sio kwamba tuache.

Kapu la pili sasa. Hapa ndo nageuka na kusimama na wale wenye mashaka, kiasi.

Mimi nilifiwa na vitoto viwili vya mbwa kwa pavo, vyote vimechanjwa. Kuhara damu, siku tatu tu, harufu ile ukishaisikia hutaisahau. Nilikasirika nikaona chanjo ni utapeli. Baadae nilipoelewa nikajua kosa lilikuwa la tarehe. Mtoto wa mbwa anazaliwa na kinga ya mama yake kwenye maziwa ya kwanza, na kinga hiyo inaila chanjo kabla haijafanya kazi, alafu inaisha kwa muda tofauti kwa kila kitoto. Ndo maana wataalamu wanataka sindano zirudiwe kila wiki chache na ya mwisho iwe wiki ya 16 au zaidi. Vya kwangu vilichomwa mara moja vikiwa na wiki sita, aliyeniuzia akaniandikia kadi "kachanjwa" na mimi nikaona nimemaliza. Na kirusi cha pavo kinakaa kwenye udongo wa banda miezi na miezi, sabuni ya kawaida haikiui, jiki inakiua. Kuna na ishu ya friji, chanjo ya mchanganyiko sehemu kubwa ni virusi hai vilivyodhoofishwa, ikikaa kwenye duka la dawa za mifugo ambalo umeme unakatika kila jioni unachoma maji tu. Ya kichaa ni ngumu zaidi, kuna moja ilipimwa hapahapa Tanzania ikakaa nyuzi 25 miezi sita na 30 miezi mitatu ikawa bado inafanya kazi, ndo maana sasa kuna watu wanaitunza vijijini kwenye vyungu vya udongo vinavyopozwa na maji. Ya pavo usijaribu.

Lakini je serikali ilipie distempa na pavo bure kama kichaa? Hapa watu wa wanyamapori wanakuja na simba wa Serengeti, kwamba 1994 distempa iliua karibu theluthi yao, kama simba 1,000, na mbwa wa vijijini ndo walioshukiwa. Hoja nzuri, watalii na kila kitu. Ila walipochanja mbwa miaka na miaka kuzunguka hifadhi, kirusi kiliendelea kuonekana kwa simba, maana kina wanyama wengi wa kujificha. Kwahiyo kuchanja mbwa distempa kunamsaidia mbwa, kumlinda simba ni nusunusu. Kwangu hiyo ibaki mfukoni mwa mwenye mbwa.

Homa ya mgunda ndo inayonipa shida zaidi. Tuliisikia wote 2022 kule Ruangwa, Lindi, ilipoua watu na watu wakaanza kuogopa panya. Mbwa naye anaibeba kwenye mkojo. Kwahiyo unaweza kusema nayo iingie kapu la kwanza, inagusa watu. Sawa, ila chanjo yake inakinga aina chache tu za vimelea na aina zipo nyingi, moja hadi ina jina la Sokoine kwa kuwa ilipatikana Morogoro, kilipo Chuo Kikuu cha Sokoine, na kinga yake ni ya mwaka mmoja hivi. Nikiwa na mbwa anayelala stoo ya mahindi na panya namchoma. Kwa kampeni ya nchi, hapana.

Na wale wanaolipa kila kitu kila mwaka kwa mbwa wa kizungu wa geti, muulizeni daktari wenu swali moja: pavo na distempa kwa mbwa mkubwa aliyemaliza ratiba ya utotoni na akarudiwa mwaka uliofuata, mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa mbwa unasema kila miaka mitatu inatosha. Wengine hapa mjini wanachoma kila Januari kama kulipa kodi ya pango. Sisemi ni wezi, wengine ni mazoea na wengine wanatumia ziara hiyo kumkagua mbwa, ila hela hiyo ingetosha sindano za kichaa kwa mbwa wa majirani wote.

Kikao kiliishia kuandika barua kwa afisa mifugo kuomba siku moja ya chanjo ya kichaa, mtaa uchangie mafuta na soda za wachanjaji, mwenye mbwa asitoe kitu. Faini iliondolewa. Wakati tunatoka yule mzee akanivuta pembeni akaniuliza kuna vitoto vinne vimezaliwa chini ya ghala, vina mwezi mmoja, si aliambiwa zamani hawachanjwi mpaka miezi mitatu? Nikamwambia Shirika la Afya Duniani linasema kwenye kampeni chanja wote waliofika hata kama ni vichanga, avilete tu. Akauliza atavibebaje. Nikasema babu, kwenye tenga la kuku.