Usikate Mstari kwa Mkato

Wanaoanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, hapa Nairobi, wengi niliokutana nao, husoma faili ya CSV (faili ya maandishi ambayo thamani zake hutenganishwa kwa mkato) kwa njia ile ile: wanachukua mstari mmoja mmoja, wanaukata kwa `mstari.split(",")`, kisha vipande wanavyopata ndivyo vinavyokuwa orodha yao. Mimi siungi mkono mazoea haya, na walimu wanaoyapanda siwaungi mkono zaidi, kwa sababu mkato katika faili ya namna hii hauna kazi moja. Pengine hutenganisha safu, pengine ni sehemu ya data yenyewe.

Niliwahi kukiandikia chama cha akina mama wa Kayole programu ndogo ya kujumlisha michango, kutoka katika faili ambayo mweka hazina aliitoa kwenye lahajedwali lake. Mstari mmoja ulikuwa hivi: `14,"1,500","Umoja, Embakasi"`. Ukiutazama kwa macho utaona safu tatu, yaani nambari ya mwanachama, mchango na makazi. `split` iliona vipande vitano, na kwa kuwa nilikuwa nimeziondoa alama za mtajo (`"`) nikidhani ninasafisha data, mahali pa mchango palibaki 1. Programu haikulalamika hata kidogo. Mama aliyetoa shilingi elfu moja na mia tano akasomewa mkutanoni, mbele ya wenzake, kwamba ametoa shilingi moja, nami ikanibidi kwenda kwake kumwomba radhi.

Alama zile nilizozifuta ndizo zilizobeba maana. Waraka wa RFC 4180, unaoelezea muundo wa faili za CSV na uliotolewa Oktoba 2005, unaeleza kwamba thamani yenye mkato, alama ya mtajo au mstari mpya ndani yake hufungwa kwa alama za mtajo, na alama ya mtajo ikitokea ndani ya thamani hiyo huandikwa mara mbili. Python nayo imekuwa na moduli ya `csv`, yaani msimbo ulioandikwa tayari kwa kazi hii, tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003, kwa hivyo hakuna haja ya kujitungia kanuni hizi upya:

`import csv`
`with open("michango.csv", newline="", encoding="utf-8-sig") as f:`
`    mistari = list(csv.reader(f))`

Ile `newline=""` huiachia moduli yenyewe kazi ya kutambua miisho ya mistari, hata anwani iliyoandikwa kwa mistari miwili ndani ya seli moja isivunjike. `utf-8-sig` huondoa alama isiyoonekana ambayo baadhi ya programu za lahajedwali huitia mwanzoni mwa faili, ikalifanya jina la safu ya kwanza lisitambulike.

Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba `csv.reader` hurudisha kila thamani ikiwa maandishi. Wapo wanaoliona hilo kuwa usumbufu. Mimi naliona kuwa ulinzi, maana nambari za simu zetu huanza na sifuri, na ukizigeuza kuwa tarakimu za hesabu sifuri hiyo hupotea. Ninageuza mchango peke yake, tena baada ya kuuondolea mkato (`s` ni mstari mmoja, na `s[1]` ni thamani yake ya pili, kwa kuwa Python huhesabu kuanzia sifuri): `int(s[1].replace(",", ""))`.

Faili niliyoiandika mwenyewe kwa kutenganisha thamani kwa kichupo (tab), nikiwa na hakika hakuna thamani yenye kichupo wala mstari mpya ndani yake, naikata kwa `split` bila wasiwasi. Faili iliyotoka kwa mweka hazina siikati tena.